Hakuna Rinda kwa Mti

Wageni wakifika Maua huniuliza kama ni kweli kuna mwanamke anayepanda juu ya miti ya miraa huku milimani. Mimi huwauliza kwanza kama wameshakunywa chai, maana habari ya Kajuju haisimuliwi mtu akiwa amesimama mlangoni.

Naitwa Hinda, ila soko zima linaniita Mama Leylo. Nimezaliwa hapa hapa. Baba yangu alikuja na malori ya mizigo, akaoa, akabaki, na mimi tangu nijue kufunga kibunda kwa kamba ya mgomba nimekuwa nikinunua miraa. Sifa za bure mimi sitoi. Waulize wanaoniuzia, watakwambia Mama Leylo akisema mzigo ni mzuri basi ni mzuri, na akikunja uso urudishe nyumbani ulishe mbuzi. Lakini huyu Kajuju, binti wa Mzee Riungu, aliwahi kuninyamazisha, na kuninyamazisha mimi si kazi ndogo.

Kwa asiyejua, huku mti wa miraa ni wa wanaume. Mwanamke atapalilia, atachambua, atafunga, atabeba hadi sokoni, lakini kupanda juu, hapana. Wanasema mwanamke akipanda, mti unakauka. Miaka mingi niliuliza ni nani aliyeuona mti uliokaushwa hivyo. Nikajibiwa hakuna aliyeuona, kwa sababu hakuna mwanamke aliyewahi kupanda. Nikaendelea na kazi yangu.

Mzee Riungu alikuwa na miti ya kale, ile wanayoiita mbaine, iliyopandwa na babu wa babu yake. Mitatu imesimama mbele ya nyumba, mirefu kupita paa. Na Riungu alikuwa mpandaji. Sisemi mchumaji, kila kijana wa huku ni mchumaji. Mpandaji ni neno ambalo watu hawalitoi ovyo. Nikifika asubuhi kuchukua mzigo sikumwona, nilisikia tu sauti ikitoka kwenye majani, nikazoea kusimama pale uani nikisalimia mti: "Mzee Riungu, habari ya asubuhi?" Naye huko juu anajibu, "Nzuri, Mama Leylo, ngoja nikushushie." Kitu pekee ulichoweza kukiona ni kofia yake ya sufi, ya kijani, ambayo hakuivua isipokuwa kanisani. Alipenda kujisifu kwamba mti wake unamjua.

Mkewe alifariki mapema, akamwachia mtoto mmoja, Kajuju. Msichana mtaratibu, maneno machache. Baada ya shule alienda Embu kujifunza ushonaji, akapata kazi mtaa wa Majimbo, akawa anashona sare za shule na marinda ya harusi. Sikukuu akija nyumbani alimshonea Leylo wangu nguo za Idi bila mimi kuomba. Nilijua ni fundi, basi. Sikumjua zaidi ya hapo.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, tukasikia Riungu amegongwa na boda.

Nilienda kumwona hospitalini. Alikuwa amelala ameangalia ukuta, nyonga imevunjika, kichwa wazi. Sikuwahi kukiona kichwa chake. Nikaona haya, nikakaa upande mwingine wa kitanda. Akasema pikipiki ilishuka kwa kasi pale kwenye mteremko, ikamgonga, ikakimbia. Nilipouliza ilikuwa ya rangi gani, akafumba macho. Vijana wa boda walisakana wenyewe kwa wenyewe wiki nzima, hawakumpata mwenye kosa. Mwisho mwenyekiti wao, Misheck, kijana mwenye adabu, akaleta sukari na maziwa, akaomba msamaha kwa niaba ya stendi yote. Riungu alipokea bila kumtazama usoni. Nikafikiri ni maumivu.

Kajuju alikuja kutoka Embu na cherehani yake. Nilipoiona ikishushwa kwenye gari nikajua, maana mtu anayekuja na cherehani hakuja kusalimia.

Kumbe kuna mwingine aliyekuwa ameshajipanga. Mwenda, mdogo wake Riungu, alifika kabla hata mgonjwa hajatolewa hospitali. Mvua ilikuwa imegusa, vichipukizi vimetoka vyekundu, na miraa haingoji mtu: isipochumwa kwa wakati wake inakomaa inakuwa kuni. Mwenda akasema atachuma yeye. Sasa, huku mti ni wa anayepanda juu kuuchuma. Ukimwachia mwenzako apande msimu huu na ujao, usishangae ukiambiwa wewe ni jirani tu. Naye hakuficha. "Ndugu yangu hatapanda tena," alisema. "Hana kijana. Miti ya ukoo haiwezi kubaki kwa mtu wa kushona nguo."

Kajuju akatafuta wachumaji wa kulipwa. Mwenda alikuwa ameshawapitia wote, na hakuna kijana aliyetaka kuingia katikati ya ndugu wawili. Miti ile ndiyo iliyokuwa imemsomesha, ndiyo ingemtibu baba yake, na hapakuwa na kitu kingine chochote kwenye shamba lile.

Wazee wa ukoo wakakaa, pale kwenye kibanda cha mabati tunapofungia miraa. Mimi nilikuwepo kwa sababu ya mzigo, na ukweli ni kwamba ningekuwepo hata bila mzigo. Aliyeongoza kikao ni Mzee Mbaabu, mtu wa haki lakini mgumu. Walizungumza Kimeru, wakazunguka, wakazunguka tena. Kisha Kajuju, aliyekuwa amekaa nyuma kwenye gunia, akasema, "Nitapanda mimi."

Mzee mmoja alicheka hadi akakohoa. Mzee Mbaabu hakucheka. Aligeuka ajibu, akaniona mimi na hijabu yangu pale pembeni, akabadilisha lugha. Kimeru mimi nakisikia vizuri sana, natukana nacho nikitaka, lakini Mzee Mbaabu ana heshima zake: mbele ya mgeni anasema Kiswahili, na kwake mimi nitakuwa mgeni hadi nizikwe.

"Kajuju, sikiza," akasema. "Na Mama Leylo asikie, asiseme tulimficha. Hakuna rinda kwa mti. Hiyo ndiyo sheria tulipata, na ndiyo tutaacha."

"Hakuna rinda kwa mti," Kajuju akarudia, polepole.

"Ndiyo."

"Ni hilo tu, mzee?"

"Ni hilo tu, msichana wangu."

Akashukuru, akainuka, akaenda zake. Nilikasirika naye. Nikajiambia, basi, ndiyo hivyo, wamemaliza, kesho atarudi Embu na mashine yake, na mimi nitaanza kununua kwa Mwenda, ambaye anachanganya machipukizi na majani.

Asubuhi nilipofika, Kajuju alitoka nyumbani amevaa suruali. Suruali yenyewe ilikuwa ya njano yenye maua mekundu, na nilikitambua kile kitambaa. Lilikuwa rinda lake la harusi ya binamu yake, rinda zuri kuliko yote aliyojishonea. Alikuwa amelifumua lote akalishona upya. Chini alikuwa pekupeku, na begi la kuchumia amelifunga kiunoni.

Mwenda, ambaye alikuwa ameshafika na begi lake, akauliza, "Hii ni nini?"

"Suruali, baba mdogo."

Mzee Mbaabu akaitwa. Alikuja na fimbo yake, akaitazama ile suruali kuanzia juu hadi chini, akaizunguka, akairudia tena. Kila mtu uani alikuwa amekumbuka maneno ya jana. Wallahi, kama angelisema lile neno kwa Kimeru, angesema "mwanamke" na habari ingeishia pale. Alilisema kwa Kiswahili kwa sababu yangu, na Kiswahili kikamponyoka kikashika nguo badala ya mtu. Na neno la mzee likishatoka mbele ya watu halimezwi.

"Nilisema rinda," akasema mwishowe. "Hii si rinda."

Nilicheka peke yangu. Mwenda akang'aka. "Na mti ukikauka?"

Mzee Mbaabu naye alikuwa ameumia, alijua amenaswa, na mtu aliyenaswa huongeza masharti. Akasema wazee watarudi kabla ya chumo la pili. Wakikuta miti yote mitatu iko mibichi, ni ya Kajuju na hakuna atakayefungua mdomo tena. Wakikuta hata tawi moja limekauka, ni ya Mwenda.

"Hata tawi moja," akarudia.

Kajuju alikubali kabla hajamaliza.

Mimi nimeona wapandaji maisha yangu yote. Siwatazami, kama usivyomtazama mtu anayemimina chai. Siku ile nilitazama. Alishika shina, akaweka paji la uso juu yake kidogo, kisha akapanda. Hakuwa na haraka. Kila mguu ulikaa kwanza, ukapima, ndipo mkono ukaachilia. Alipofika kwenye matawi membamba, pale ambapo hata wanaume wazito hutuma watu wepesi, vidole vyake vikaanza kazi, na vilikuwa vidole vya mtu aliyezoea uzi na sindano: anabana, anakata, anatia begini, bila kupasua gome. Nilijikuta nasoma kila dua ninayoijua. Maua mekundu ya suruali yalionekana kati ya majani, juu sana, na watu waliokuwa wakipita barabarani walisimama mmoja mmoja. Mimi machozi yalinitoka, na sijui hadi leo yalikuwa ya hofu au ya nini.

Kwenye mti wa kati, karibu na kilele, alisimama ghafla. Akabaki anaangalia tawi moja kubwa la upande wa bonde.

Nikamwita. "Kajuju, umeshikwa na kizunguzungu?"

"Hapana, Mama Leylo. Napumua."

Lile tawi hakulikanyaga wala hakulichuma. Alipita pembeni yake, akamaliza, akashuka na begi limejaa, na kitu kingine kimetuna ndani ya blauzi. Nikajisema, loo, hajamaliza siku moja na ameshaanza kuficha kama wachumaji wengine. Nikamwuliza mbona ameliacha tawi la upande wa bonde, na lilikuwa limejaa.

"Usiniulize lile tawi, mama," akasema kwa sauti ya chini.

Nikaacha. Mimi, ninayeuliza kila kitu.

Mzigo wake niliufungua mwenyewe pale chini. Sikukunja uso.

Mzee Riungu alikuwa ameshaletwa nyumbani, amelazwa chumba cha mbele. Nilipoingia kumjulia hali jioni ya siku ile, nikaona kofia yake ya kijani imetundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Kofia kwenye msumari ni kofia kwenye msumari. Sikufikiri zaidi. Yeye alikuwa akiitazama, hakujibu salamu yangu vizuri.

Mvua ilinyesha vizuri mwaka ule. Miti ikachipua kwa fujo. Isipokuwa tawi moja. Lile tawi la upande wa bonde lilianza kuwa njano, kisha kahawia, hadi ukiwa barabarani unaliona kabla ya kuiona nyumba. Mwenda alianza kupita pale kila asubuhi, mtu ambaye njia yake ya sokoni iko upande mwingine kabisa. Watu wakaanza kunong'ona. Wengine waliomsifu Kajuju wakasema, si tulisema.

Nilimwendea Kajuju. Nikamwambia, "Likate, mama. Likate leo, tulichome, tuseme ni kuni za chai."

"Nikikata watasema nimeficha."

"Basi sema kitu. Ule si ugonjwa wa mti. Ungekuwa ugonjwa ungeshika mti mzima. Wewe uliona nini kule juu?"

Aliendelea kukanyaga cherehani. "Mama Leylo, chai yako inapoa."

Nilitoka pale nimekasirika hadi nikasahau viatu vya mvua kwake. Nilidhani ana kiburi. Nilidhani hajali.

Siku ya wazee ikafika, na uwanja ukajaa. Hata vijana wa boda walikuja na Misheck wao. Mzee Mbaabu hakuhitaji kuonyeshwa, lakini Mwenda alinyoosha kidole hata hivyo. Tawi lilikuwa limekauka kabisa, majani yanadondoka yenyewe bila upepo.

Mzee Mbaabu alilitazama kwa muda mrefu, na niliona hakufurahi. "Kajuju. Una la kusema?"

Alikuwa amesimama na ile suruali yake ya maua, mikono nyuma. "Sina, mzee."

Nikasimama mimi. Nikasema huu ni uonevu, nikasema kama ni wanawake wanaokausha miti basi mbona miti miwili imechipua kuliko ya wanaume wote wa mlima huu, nikasema mengine ambayo siyarudii. Mzee Mbaabu akaniomba nikae, kwa adabu, na Kajuju mwenyewe akanigusa mkono.

"Nilikubali masharti," akasema. "Hata tawi moja. Baba mdogo achukue."

Hapo mlango wa nyumba ukafunguka. Mzee Riungu alikuwa hajatoka nje tangu aletwe. Alitoka na magongo mawili, jasho linamtiririka, na kichwani amevaa kofia ya kijani. Vijana wawili wakataka kumshika, akawakataa kwa macho. Alivuka uwanja mzima hivyo, hadi kwenye mti wa kati, akaachilia gongo moja akaweka mkono kwenye shina.

Akasema kwa Kimeru, taratibu. Kisha akageuka akatutafuta kwa macho, mimi na Misheck, akayarudia kwa Kiswahili.

"Mimi sikugongwa na boda. Nilianguka. Hapa, kwa mti wangu. Tawi hilo lilipasuka pale linapoungana na shina, mimi nikiwa juu yake."

Nyinyi wa mbali hamwezi kujua maana yake. Mpandaji kuanguka kwenye mti wa babu zake, watu husema mti umemkataa. Jina linaisha siku hiyo. Riungu alipoanguka asubuhi ile, peke yake, nyonga imevunjika, alijiburuta kwa mikono yake kupitia shamba la kahawa la jirani hadi barabarani, ili akaokotwe huko na iwe ni boda. Nilipofikiria ule umbali, na lile shamba lenye mawe, nilikaa chini.

"Misheck," akasema, "sukari yako nilikunywa. Nisamehe."

Misheck aliinamisha kichwa.

"Na hii kofia," Riungu akaendelea, akiigusa, "ilibaki juu, imeshikwa na lile tawi. Siku huyu alipanda, jioni nikaiona kwa msumari. Hakuniambia neno. Kila siku nilingoja aniulize. Leo nikajua, leo atasema, leo hawezi kukosa kusema. Nilikuwa nyuma ya mlango nikisikiza." Akamtazama binti yake. "Na hukusema."

Mzee Mbaabu akamgeukia Kajuju. "Ulijua tangu siku ya kwanza, na ulikuwa unaacha miti iende?"

"Hiyo ilikuwa ya baba kusema, mzee," Kajuju akasema. "Haikuwa yangu."

Mimi nina mdomo, Mungu ananijua. Pale nilitafuta neno sikulipata. Msichana yule alikuwa ameikubali hasara ya kila kitu alichonacho, mbele ya mlima mzima, wakati sentensi moja tu ingemwokoa, na aliikalia kwa sababu ilikuwa na aibu ya baba yake ndani. Kupanda mti nilishamwona akipanda, na nilikuwa nimestaajabu. Kumbe ule mti ndio uliokuwa rahisi.

Mzee Mbaabu alivua kofia yake. Akasema tawi hilo lilipasuka kabla ya suruali kushonwa, kwa hiyo halihesabiwi. Miti ni ya Kajuju. Mwenda aliondoka bila kunywa chai, ingawa siku hizi anasalimia.

Sasa huku kuna wasichana wengine watatu wanaopanda. Makandi, mjukuu wa Mzee Mbaabu mwenyewe, ni mmoja wao, na suruali zao zote zimeshonwa na Kajuju, kila mmoja na maua yake. Sokoni wanunuzi wakija wanasema, "Mama Leylo, leo kuna ya rinda?" Ndiyo jina la miraa yake, na ikiwepo haikai hadi adhuhuri.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni asubuhi ya lile chumo la pili. Nilifika uani na umande bado uko, nikasikia majani yakitikisika juu, nikainua macho nikaona kofia ya kijani kileleni. Miaka yote ile ya mazoea ikanishika ulimi. Nikasema kwa sauti, "Mzee Riungu, habari ya asubuhi?"

Jibu lilitoka chini, nyuma yangu. Alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya mlango, kichwa wazi, magongo yameegemezwa ukutani, anaangalia juu.

"Mimi niko hapa, Mama Leylo," akasema. "Mpandaji yuko juu."